Gofu ya umma: Wanaolala garini ili wacheze Bethpage

Msomaji aliyezoea kuuona mchezo wa gofu nyuma ya ua wa klabu za wanachama, Nairobi au Dar es Salaam, huenda akastaajabu kusikia kwamba kimojawapo cha viwanja mashuhuri vya Marekani ni mali ya umma.

Uwanja huo, Bethpage Black, umo katika bustani ya jimbo la New York, kisiwani Long Island. Ulifunguliwa mwaka 1936, enzi ya mdororo mkuu wa uchumi, na waliotoa jasho kuujenga ni vibarua walioajiriwa na serikali wapate riziki.

Hautaki uanachama wala mdhamini. Unataka ada, iliyo nafuu kwa wakazi wa jimbo, na subira. Kwa miongo kadhaa, wasiopata nafasi kwa kuomba mapema wamekuwa wakilala ndani ya magari yao maegeshoni, wakingojea foleni ya alfajiri.

Vigari haviruhusiwi: mashimo yote 18 ni kwa miguu. Bango mwanzoni huwashauri wasio na ujuzi mkubwa wasijaribu. Ni ushauri tu, na wengi, naam, hujifanya hawakuusoma.

Mwaka 2002 Tiger Woods alishinda hapo mashindano ya US Open, yaliyofanyika kwa mara ya kwanza katika uwanja wa umma. Kombe la Ryder lilifuata mwaka 2025.