Tarehe 25 Isipofika

Mtu aliyeajiriwa huihesabu tarehe 25 hata asipojua kuwa anaihesabu. Ada za watoto, kodi ya nyumba, mchango wa harusi, zamu ya kutoa mchezo, vyote vimejipanga nyuma yake. Nilikuwa mhasibu wa kampuni ya ujenzi hapa Dar es Salaam, na orodha ya mishahara ilipita mikononi mwangu kila mwezi. Nilipofungua duka la vifaa vya ujenzi huku Goba mtaji ulikuwepo, leseni ilikuwepo, na mahesabu ndiyo kazi niliyosomea. Bado miezi ya mwanzo nilikuwa naamka saa tisa usiku kifua kimebana, nikiwaza deni la fundi mmoja.

Wanaotoka kwenye ajira hupewa ushauri mwingi kuhusu eneo, mtaji na bidhaa inayotembea. Kuhusu usiku huo wa saa tisa hawaambiwi neno. Mimi naamini chanzo chake ni hiki: mshahara huja na mipaka. Mwajiri ndiye aliyekuwa akiamua siku inaishia saa ngapi na likizo inaanza lini. Yeye ndiye aliyekata kodi kabla hujaiona fedha, akapeleka mchango wako wa uzeeni. Ukijiajiri, mipaka hiyo yote huondoka kwa siku moja, na hakuna anayekuwekea mingine. Wafanyabiashara wapya ninaowafahamu, wengi wao hawakuelemewa na hasara. Walielemewa na kazi isiyo na mwisho, na fedha isiyo na tarehe.

Nieleze jinsi duka kama langu linavyokwenda. Saruji haina faida kubwa. Tunaiweka kwa sababu anayekuja kuchukua mifuko kumi ndiye atakayechukua pia misumari, bawaba, vitasa na rangi, na faida iko huko. Mteja mwenyewe huletwa na fundi, kwa hiyo fundi anataka kukopeshwa. "Mama, nipe nondo za milimita 12, mwenye nyumba analipa Ijumaa." Ijumaa inapita, na simu ya fundi haipatikani. Januari watu wamemaliza fedha kwenye ada. Machi hadi Mei ni masika: barabara zetu za milimani zinateleza, lori halipandi, misingi inajaa maji, ujenzi unalala. Kuanzia Juni watu wanarudi kujenga, na wiki moja inaweza kuuza zaidi kuliko Aprili nzima. Ukijumlisha mwaka, biashara ni nzuri. Lakini Aprili hakuna anayejumlisha mwaka. Unaangalia droo.

Mwili nao haujui kwamba Juni inakuja. Hofu ya fedha huamsha homoni zilezile za hatari, adrenalini na kotisoli: moyo unakwenda mbio, misuli inakaza, usingizi unakuwa mwepesi. Kwa hatari ya dakika chache mwili hupata nguvu za kujiokoa. Kwa deni la wiki sita, mtu hubaki amekaza kwa wiki sita, na hapo ndipo kichwa huanza kuuma kila jioni, hamu ya kula ikaondoka, na watoto wakakaripiwa kwa kosa dogo.

Kuna utafiti ulionisaidia kuielewa Aprili yangu. Ulichapishwa mwaka 2013 katika jarida la Science na Anandi Mani, Sendhil Mullainathan, Eldar Shafir na Jiaying Zhao. Sehemu yake moja iliwahusu wakulima 464 wa miwa wa jimbo la Tamil Nadu, India. Mkulima wa miwa hupata sehemu kubwa ya fedha zake kwa mkupuo baada ya mavuno, kisha huzitumia hadi zinakwisha. Watafiti waliwapa wakulima walewale majaribio ya kufikiri na ya umakini kabla ya mavuno na baada ya mavuno. Kabla ya mavuno, fedha zikiwa zimekauka, walifanya vibaya. Baada ya mavuno walifanya vizuri zaidi. Maelezo ya watafiti ni kwamba wasiwasi wa fedha unachukua nafasi kichwani, na nafasi inayobaki kwa mambo mengine inapungua. Fikiria maana yake kwa mwenye duka: wakati ule anapotakiwa kuamua vizuri, nani akopeshwe, mzigo gani uagizwe, ndio wakati akili yake imebanwa kuliko kawaida. Ndiyo maana maamuzi makubwa ya duka langu hayafanyiki Aprili. Yanafanyika Agosti, yanaandikwa, na Aprili inayafuata tu.

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kujilipa mshahara. Tarehe 25 ya kila mwezi kiasi kilekile hutoka kwenye akaunti ya duka kwenda akaunti ya nyumbani, iwe masika au kiangazi. Kiasi hicho ni kidogo kuliko nilichokuwa nikilipwa kwenye ajira, na nilikipanga kwa kuangalia miezi mibovu ya mwaka. Mizuri inapokuja, ziada inabaki dukani na sehemu yake inawekwa kando kwa ajili ya masika. Namba ya malipo ya duka haipokei fedha zangu binafsi, na simu yangu haipokei fedha za wateja. Tangu nifanye hivyo sijaulizwa tena nyumbani "leo umeuza?", swali ambalo humfanya mtu aione meza ya chakula kama kaunta.

Ndugu nao waliingia kwenye utaratibu huo. Duka lililojaa mabati na mabomba linaonekana ni utajiri, na shemeji anayejenga kwa nini asipewe mifuko mitano ya saruji? Nampa. Ila nainunua kwa fedha za mshahara wangu na risiti inatolewa kama kwa mteja yeyote. Hajanyimwa, na duka halijaibiwa. Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu nimeona maduka mazuri yakifa kwa huruma, na wenyewe wakabaki na ugomvi wa ukoo juu ya hasara.

Kodi ina presha yake. Kwa mwenye biashara binafsi ambaye mwaka wake wa mahesabu ni Januari hadi Desemba, kodi ya mapato hulipwa kwa awamu nne, mwisho wake ukiwa 31 Machi, 30 Juni, 30 Septemba na 31 Desemba. Awamu ya Machi inaangukia mwanzoni mwa masika, wakati mbaya kuliko nyakati zote kwa biashara yangu. Mtu aliyezoea kukatwa kwenye mshahara hushtuka, kwa kuwa hakuwahi kuishika fedha ya serikali mkononi na kutakiwa kuilinda. Mimi huitenga kila Jumamosi baada ya kufunga hesabu za wiki. Vilevile mchango wa uzeeni: kwa mfanyakazi wa sekta binafsi ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri haruhusiwi kumkata mfanyakazi zaidi ya nusu yake. Ukiondoka, sehemu ya mwajiri inakoma. NSSF inapokea wanaojiajiri, lakini lazima uende mwenyewe.

Kisha saa. Duka linafungwa saa kumi na mbili jioni, Jumapili halifunguliwi. Laini ya biashara inazimwa saa mbili usiku, na mafundi wameshazoea, anayehitaji mzigo wa alfajiri anasema mapema. Kabla ya kuzima naandika kwenye daftari kazi za kesho: kumpigia msambazaji wa rangi, kuhesabu misumari ya inchi tatu, kumfuata fundi fulani kwenye jengo lake. Mwaka 2018 Michael Scullin na wenzake wa Chuo Kikuu cha Baylor, Marekani, walichapisha jaribio dogo la vijana 57 waliolala maabara. Walioandika kwa dakika tano mambo yanayowasubiri walipata usingizi haraka kuliko walioandika mambo waliyokwisha kuyafanya. Jaribio ni dogo, lakini daftari ni la bei nafuu na mimi limenifaa.

Lililonishangaza ni upweke. Ofisini kulikuwa na chai ya saa nne na watu wa kulalamika nao. Dukani huwezi kulalamika mbele ya kijana anayekusaidia, ataogopa kwamba mwezi huu halipwi. Huwezi mbele ya mteja. Mume wangu ni msikivu, lakini hofu yangu ilikuwa inageuka kuwa hofu yake. Nilijiunga na kikoba cha akina mama wenye maduka hapa mtaani, na hisa tunazonunua kila wiki nazithamini, lakini ninachokifuata hasa ni ile saa moja baada ya hesabu. Mwenye saluni anasimulia, mwenye duka la dawa anasimulia, na unagundua kuwa Januari ni mbaya kwa wote. Usipolijua hilo unaanza kutafuta mchawi, na katika mitaa yetu wapo watakaokusaidia kumtafuta.

Msongo mwingine unahitaji daktari, na hili lisionewe haya. Usingizi ukikosekana wiki baada ya wiki, pombe ikianza kuwa ndiyo dawa ya jioni, kazi uliyoipenda ikikuchukiza, nenda hospitali na useme hivyohivyo. Mawazo ya kutaka kufa hayasubiri kesho: mwambie mtu wa karibu akupeleke siku hiyohiyo. Shinikizo la damu mara nyingi halina dalili, hivyo dawa yake ya kwanza ni kupimwa.

Kwa aliye bado kazini, sishauri kuruka gizani. Joseph Raffiee na Jie Feng walichunguza takwimu za Wamarekani na kuchapisha matokeo mwaka 2014: walioanza biashara wakiwa bado wameajiriwa, kisha wakahamia kamili, walikuwa na uwezekano wa kufunga biashara mdogo kwa theluthi moja kuliko walioacha kazi mara moja. Kwetu ajira nyingi hazina nafasi hiyo, na mikataba mingine inakataza, basi isome kwanza.

Na ukishaandika barua ya kuacha kazi, sheria ya ajira ya Tanzania inataka notisi isiyopungua siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi. Zitumie zote. Wakati kadi ya bima bado inafanya kazi, pima presha na sukari, peleka watoto kwa daktari wa meno. Chukua taarifa ya michango yako NSSF. Fungua akaunti ya biashara. Kaeni na mwenzako mkubaliane kiasi cha mshahara mpya, nacho kiandikwe. Uliza wenye biashara kama yako mwezi wao mbaya ni upi, halafu hesabu kama akiba yako itaufikia.