Ngano Nzima Irudi Jikoni: Bokoboko Lisiwe la Ramadhani Peke Yake

Mtu akilitaja neno ngano, wengi wetu hapa pwani hufikiria unga. Hufikiria chapati, mahamri na maandazi ya asubuhi. Ni wachache wanaoikumbuka punje yenyewe, ile nzima yenye gamba la rangi ya asali, ambayo haijapita katika mashine ya kusaga. Na hata hao wachache huikumbuka mara moja kwa mwaka, Ramadhani inapobisha hodi na watu wakaanza kulitamani bokoboko.

Hili ni jambo linalofaa kufikiriwa. Chakula kinachopikwa siku chache tu katika mwaka hakina wanafunzi wengi. Msichana au mvulana hawezi kujifunza kuisonga ngano kwa kuona mara moja, kisha akangoja miezi kumi na mmoja. Ndiyo sababu siku hizi nyumba nyingi hununua bokoboko kwa mpishi wa mtaa, au hupika kwa ngano iliyokwisha kupasuliwa na kufungwa katika pakiti. Pakiti si haramu, wala mpishi wa mtaa hana kosa. Lakini ujuzi ukitoka nyumbani, kuurudisha ni kazi kubwa.

ASILI YAKE

Bokoboko ni ndugu wa harisi ya Waarabu. Jina hilo la Kiarabu latokana na tendo la kuponda na kutwanga, na hiyo ndiyo siri ya chakula chenyewe: ngano na nyama huchemshwa mpaka zikalainika, kisha hupondwa mpaka zikawa kitu kimoja. Chakula hiki ni cha zamani sana. Kimo katika kitabu cha mapishi cha Ibn Sayyar al-Warraq, kilichoandikwa Baghdad katika karne ya 10, na kimo tena katika kile cha al-Baghdadi cha mwaka 1226.

Kwetu kilikuja kwa njia ya bahari, pamoja na jamaa na biashara za Oman na Hadhramaut, kikapata jina la Kiswahili na kikawa chetu. Kamusi za zamani za lugha yetu zimelitaja neno bokoboko kuwa ni chakula cha ngano na nyama. Ndugu zetu wenye asili ya Bara Hindi nao wana halimu, lakini hiyo hutiwa dengu na viungo vingi vikali, ilhali bokoboko hutaka ladha ya ngano na samli itangulie mbele.

Mwezi wa Desemba 2023, shirika la UNESCO lilipokutana Kasane, Botswana, liliutia ujuzi wa kupika harisi katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika kwa mkono. Nchi zilizopeleka ombi hilo zilikuwa Falme za Kiarabu, Oman na Saudi Arabia. Jina la pwani yetu halimo. Hatuna haja ya kuwaonea wivu ndugu zetu, kwani wao wamekitunza chao. Swali ni kama sisi tunakitunza chetu.

KUCHAGUA NA KUOSHA

Nunua ngano nzima katika duka la nafaka lililo na wanunuzi wengi, maana punje zilizokaa sana huingia vidudu, na mafuta yaliyomo katika kiini chake huanza kunuka. Punje nzuri ni nzito, kavu na hazina vumbi jingi. Zipete katika ungo, uchambue mawe na mbegu nyingine, kisha uoshe kwa maji matatu au manne mpaka yawe safi.

Hapa pana onyo ambalo si la mchezo. Usipike kamwe ngano ya mbegu, yaani ile iliyotayarishwa kwa kupandwa shambani. Mbegu hizo mara nyingi hutiwa dawa yenye sumu, na hupakwa rangi ili watu wazitambue. Mwishoni mwa mwaka 1971 ngano ya mbegu iliyotiwa dawa ya zebaki ilifika Iraq kutoka nje, na watu wa mashambani wakaisaga na kuoka mikate. Wengine waliiosha, rangi ikatoka, wakadhani na sumu imetoka. Wagonjwa 6,530 walilazwa hospitalini na 459 kati yao walifariki. Kwa hiyo ukiona punje zenye rangi ya waridi, nyekundu au kijani isiyo ya kawaida, ziache, hata ukipewa bure.

KUCHEMSHA

Ngano haipikwi kwa haraka. Iloweke usiku kucha katika maji mengi, na asubuhi uyamwage. Kisha tia kikombe kimoja cha ngano kwa vikombe vitatu au vinne vya maji, ukiache chungu kichemke, upunguze moto na ufunike. Iliyolowekwa huiva kwa muda wa dakika 45 hadi saa moja. Isiyolowekwa huweza kufika saa moja na nusu. Alama ya kuiva ni punje kuvimba, na chache kuanza kupasuka, na ukitafuna iwe laini lakini yenye kukaza kidogo katika jino. Chuja maji yaliyobaki, wala usiyatupe, kwani yafaa kwa supu. Kikombe kimoja kikavu hutoa karibu vikombe viwili na nusu vilivyoiva.

Kwa kuwa makaa na gesi ni ghali, ni busara kuchemsha nyingi kwa mara moja. Iliyoiva hukaa katika friji kwa siku tatu au nne. Lakini isilale nje kwa joto letu la pwani, maana nafaka iliyopikwa, kama wali, huota vijidudu vinavyoumiza tumbo hata ikipashwa moto tena.

BOKOBOKO LENYEWE

Wazee waliitwanga ngano kwanza katika kinu kwa kuinyunyizia maji kidogo, ili gamba la juu litoke, kisha wakaipeta. Anayetaka faida yote ya pumba asikoboe, bali aongeze muda wa kupika. Kwa nusu kilo ya ngano chukua nusu kilo ya nyama isiyo na mafuta mengi, au kuku. Tia kitunguu maji, tangawizi, kijiti cha mdalasini, pilipili manga na chumvi, na maji ya kufunika vyote kwa wingi. Acha vichemke kwa moto mdogo saa tatu au nne, ukiongeza maji ya moto kila yanapokauka. Nyama ikilainika, toa mifupa na mdalasini.

Hapo ndipo kazi huanza. Shika mwiko uisonge ngano kwa nguvu, ukiiponda kwenye ubavu wa chungu, mpaka nyama igeuke nyuzi na ngano ivutike. Wenye mashine hutumia mashine, lakini wasiiachie mpaka ikawa uji. Pakua katika sahani, chora shimo katikati, umimine samli ya moto na vitunguu vilivyokaangwa. Wako wanaonyunyiza sukari juu, na wako wanaosema sukari ni kuharibu. Ugomvi huo tuuachie kila nyumba.

SI BOKOBOKO TU

Ngano iliyochemshwa na kuchujwa yaweza kuliwa kila siku bila ya kusongwa. Hushika pahala pa wali kwa mchuzi wa samaki, na hupendeza pamoja na mbaazi za nazi. Ikipoa, hufanya kachumbari ya kushibisha: ichanganye na nyanya, tango, kitunguu kilichooshwa kwa chumvi, kotmiri na embe bichi lililokatwa vipande vidogo, kisha ukamulie ndimu na mafuta kidogo. Samaki wa kuchoma hataki mwenzi mwingine. Watu wa Sham hufanya karibu hivyo hivyo katika tabule yao, ila wao hutumia ngano iliyochemshwa, ikakaushwa na kupasuliwa, na majani mengi zaidi. Na kwa daku, ngano iliyobaki ikipashwa katika tui jepesi na iliki na sukari kiasi, humtuliza mtu njaa kwa muda mrefu.

Sababu yake yaeleweka. Punje ya ngano ina sehemu tatu: pumba la nje, kiini kinachoota, na wanga wa katikati. Unga mweupe ni ule wanga peke yake. Pumba lina nyuzi zinazosaidia choo, jambo ambalo wafungaji wengi hulilalamikia katika mwezi mtukufu, na kiini kina vitamini na mafuta mema. Punje nzima pia humeng'enywa polepole kuliko unga mweupe, na sukari haipandi kwa ghafula katika damu. Hata hivyo, mwenye maradhi ya sukari asidhani amepata ruhusa ya kula sinia zima. Apime chakula chake kama alivyoagizwa na daktari. Na ambaye tumbo lake halipatani na ngano kwa sababu ya gluteni, basi hata iliyo nzima haimfai.

Twasema mwacha mila ni mtumwa. Lakini mila haitunzwi kwa kusifiwa barazani. Hutunzwa kwa mikono. Yafaa kila nyumba yenye mama au bibi anayejua kuisonga ngano imwite kijana mmoja, wa kike au wa kiume, akae naye jikoni tangu kuloweka hadi kupakua, na ajifunze kiasi cha maji kwa macho na kuiva kwa jino. Wala isingojwe Ramadhani. Kibaba kimoja cha ngano kikilowekwa usiku wa Alhamisi, Ijumaa baada ya sala watu watakuwa na chakula, na nyumba itakuwa na mwanafunzi.