Moyo Unaohojiwa katika Al-Inkishafi

Aghalabu utenzi wa Al-Inkishafi unapotajwa katika madarasa yetu, kinachofuata ni hesabu. Mwanafunzi huulizwa ubeti una mishororo mingapi, naye hujibu minne. Mshororo una mizani ngapi, naye hujibu kumi. Yote hayo ni kweli na yafaa kujulikana. Lakini nadhani Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, aliyeutunga kisiwani Pate yapata karne mbili zilizopita, angetushangaa sana. Hakuutunga ili tumhesabie silabi. Aliutunga ili auhoji moyo wake mwenyewe, nao moyo ule ulikuwa mkaidi.

Msomaji na akumbuke Pate ilikuwaje. Katika karne za 17 na 18 mji huo ulishindana na Mombasa kwa fahari. Ulifanya biashara ya pembe za ndovu, ukasifika kwa hariri na kwa mafundi wake, na waungwana wake wakajenga majumba ya mawe yenye zidaka za kupangia vyombo vya kaure kutoka Uchina. Kisha yakaja magomvi ya kuwania utawala, na vita na majirani. Katika miaka ya mwanzo ya 1810 majeshi ya Pate na ya Wamazrui wa Mombasa yalishindwa na watu wa Lamu huko Shela, na tangu hapo Pate haikuinuka tena. Leo magofu yake yangalipo nyuma ya mji wa sasa, na wenyeji hulima tumbaku kati ya kuta zile.

Mshairi aliyaona majumba hayo yakiwa matupu. Anatuonyesha kwanza taa za kioo na za shaba zilizougeuza usiku kuwa mchana, na mabwana waliotembea kwa maringo, shingo zimepindwa. Kisha anatuingiza katika nyumba hizo hizo: popo wananing'inia darini, buibui wametanda utando, na katika zidaka vilimokaa vyombo vya thamani sasa wanalelewa makinda ya ndege. Wenyewe wamo kaburini, wamebanwa na mchanga.

Wapo wanaodai kwamba huyu alikuwa mtu wa kukata tamaa aliyeichukia dunia. Sikubaliani nao hata kidogo. Mtu asiyejali uzuri hawezi kuieleza taa kwa namna ile. Sayyid Abdalla aliyajua majumba yale, na huenda aliyapenda. Ndiyo sababu hasemi na matajiri, wala hasemi nasi. Anasema na moyo wake. Auuliza mbona hausikii, mbona wang'ang'ania kuteka maji katika kisima kisichokuwa na salama, penye ng'ombe apigaye pembe kila ajaye kunywa. Tena anapoyataja majina ya waliotoweka, limo jina la Ali bin Nasir, jina lile lile lililomo katika nasaba yake mwenyewe. Hawahukumu wageni, bali anahesabu jamaa zake.

Hapa ndipo ninapoona hatari ya kuusoma utenzi huu vibaya. Ni rahisi mtu mwenye shibe kumwambia mwalimu wa kijijini, ambaye mshahara haumfikishi mwisho wa mwezi, kwamba mali si kitu na aridhike na thawabu. Al-Inkishafi haimpi mtu huyo silaha yoyote. Haiwaambii maskini wanyamaze. Inawauliza waliokuwa nacho wamekwenda wapi nacho. (Na mimi huona kuna jambo ambalo mshairi amelipita upesi mno: kelele za watumishi na watumwa zinasikika katika kumbi zile, lakini wao hawaulizwi walikokwenda.)

Basi mwalimu afanye nini na utenzi kama huu mbele ya vijana ambao tangu asubuhi hadi usiku wanaambiwa alama, cheo, kazi yenye jina, gari, nyumba? Sisemi awaambie waache kujitahidi. Masomo ni wajibu, na njaa haina fadhila. Ila kuna swali moja ambalo shule zetu haziliulizi, nalo ndilo lililomkosesha Sayyid Abdalla usingizi: hayo yote yakishapatikana, moyo utatulia? Yeye aliwaona waliopata kila kitu ambacho Pate iliweza kumpa mtu, na jibu lake liko katika zile kuta. Utulivu alioutafuta alitaka kuujenga pengine, katika kumcha Mungu na kujiandaa kwa siku ambayo ukoo hautetei.

Mwanafunzi asiyekuwa Mwislamu naye ataelewa, kwa kuwa kila dini iliyo nchini mwetu inalijua swali hilo. Ningependa basi, kabla ya kuhesabu mizani, mwalimu awape wanafunzi wake nusu saa ya kimya, kila mmoja aandike maswali matatu ambayo angeuuliza moyo wake, na karatasi zile zisisahihishwe wala zisikusanywe. Kisha wausome utenzi kwa sauti, hadi zile beti za mwisho ambazo waalimu wengi huziruka, mahali ambapo mshairi anayataja majina ya moto mmoja baada ya mwingine, na hatupi faraja yoyote.