Ana Mawazo

"Nina wazo" ni habari njema: mtu amepata la kufanya, msikilizeni. "Nina mawazo" ni habari nyingine kabisa. Hapo wenzako watataka kujua nani kaugua, au ni deni gani limekukalia kooni. Neno ni lilelile, limeingia tu kwenye wingi.

Kitenzi chake, kuwaza, ni cha Kibantu. Bibi yangu alikuwa Mdigo, na kwake yeye kuwaza kulikuwa kuaza, mawazo yakawa maazo. Fikra ndiyo iliyotujia kutoka Kiarabu, pamoja na ndugu zake fikiri na tafakari. Hata dhana ni ya huko, ambako ni jambo la kudhani tu, lisilo na hakika. Vyuoni kwetu imekwezwa ikawa neno la kitaalamu.

Fikra ilipata jukwaa. Waliokua Tanzania enzi za Mwalimu Nyerere wanaikumbuka kaulimbiu "Zidumu fikra sahihi za Mwenyekiti". Mawazo yasingefaa pale, kwa kuwa mawazo huondoka na usingizi wa mtu. Ndiyo maana tunasema yamemzidi, yamemkondesha, amezama humo. Tunasema pia anawaza na kuwazua, na katika huko kuwazua mimi nausikia mkia wa fungua na zibua: jambo limeshafungwa, usiku unalifungua tena, unaanza upya.

Niliwahi kukaa kwenye benchi la zahanati, mlango wa chumba cha daktari uko wazi. Mama mmoja aliulizwa anasumbuliwa na nini. "Kichwa, moyo unanienda mbio, chakula hakipiti. Ni mawazo tu." Akaandikiwa dawa ya maumivu, akaitwa mwingine. Iliniuma, na bado inaniuma. Ugonjwa alikuwa ameshautaja kwa jina lake, kwa Kiswahili kinachoeleweka na kila mtu mle ndani, na hakuna aliyemuuliza: mawazo ya nini, mama?

Lile "tu" lake lisitudanganye. Wapo wazazi waliolipa neno hili uzito wa kudumu, wakawaita watoto wao Mawazo, kama wengine walivyowaita Shida, Tabu na Mateso. Mtoto anayeitwa hivyo, mara nyingi jina linasimulia hali ya mama yake alipokuwa na mimba: aliyemkimbia, aliyefariki, au njaa ya mwaka ule.