Pumzi Moja, Ala Nyingi: Yusef Lateef na Filimbi ya Wachungaji (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tuliishia Bweranyange, kwa mfalme Rumanyika, mwishoni mwa mwaka 1861, wasafiri Speke na Grant wakiwa wageni wake. Tulizitaja ngoma 35 zilizopangwa siku ya mwezi mwandamo, na makondere, baragumu za vibuyu vilivyoungwa kipande kwa kipande na kuvikwa ngozi ya ng'ombe. Leo natoka nje ya Karagwe na Kyerwa kwa makusudi. Namfuata mpulizaji wa jazi wa Kimarekani, Yusef Lateef, kwa sababu safari yake ilimfikisha mwishowe kwenye filimbi ambayo mchungaji yeyote wa kando ya mto Kagera angeitambua.

Kwanza neno jazi. Ukilitamka mbele ya mzee wa Kayanga au Nkwenda, atakumbuka Morogoro Jazz, Western Jazz na NUTA Jazz, bendi za gitaa na dansi tulizozisikia redioni. Jazi ya Detroit na New York ni ndugu wa mbali wa hiyo. Ndani yake mpigaji huchukua wimbo, akaugeuza papo hapo mbele ya wasikilizaji, kila usiku kwa namna nyingine. Lateef mwenyewe hakulipenda neno hilo. Aliona linaidhalilisha kazi yake, akatafuta jina lake mwenyewe lenye maana ya muziki unaotoka katika mwili, akili na roho kwa pamoja.

Alizaliwa tarehe 9 Oktoba 1920 huko Chattanooga, Tennessee, akaitwa William Emanuel Huddleston. Alikuwa na miaka mitano familia ilipohamia Detroit, mji wa viwanda vya magari. Saksafoni aliishika akiwa kijana wa miaka 18. Kufikia 1949 alikuwa katika okestra ya Dizzy Gillespie, na katika miaka hiyohiyo alisilimu kupitia jumuiya ya Ahmadiyya na kuchukua jina tunalomjua nalo. Mwaka uliofuata alirudi Detroit. Mchana alifanya kazi katika kiwanda cha Chrysler, usiku akaongoza bendi yake.

Hapo Detroit ndipo filimbi ilipoingia. Mpiga gitaa Kenny Burrell, kijana wa mji huohuo, ndiye aliyemshauri aijaribu. Inafaa tusimame kidogo tuone ushauri huo ulimdai nini.

Saksafoni mwili wake ni shaba, lakini mafundi huihesabu katika jamii ya zumari, kwa kuwa sauti yake huanzia kwenye ulimi wa tete unaotetemeka mdomoni. Mbelgiji Adolphe Sax aliisajili Paris mwaka 1846. Mwaka mmoja baadaye, Mjerumani Theobald Boehm alikamilisha filimbi ya bomba lililonyooka na vifuniko vya vidole, ile inayotumika katika okestra hadi leo. Mpangilio wa vidole katika ala hizi mbili unakaribiana sana, ndiyo maana wapiga saksafoni wengi hubeba na filimbi. Kazi ngumu iko mdomoni. Filimbi haina ulimi wala kitu cha kung'ata. Midomo yenyewe hutengeneza uzi mwembamba wa hewa, uzi huo ukagonga ukingo wa tundu na kuyumba ndani na nje mamia ya mara kwa sekunde, na sehemu kubwa ya pumzi hupotea hewani. Aliyezoea saksafoni huanza filimbi kwa kizunguzungu. Lateef aliivumilia, akaenda chuoni kuisoma, kisha akaongeza oboe, ala ya tete mbili ambayo mtu wa pwani akiiona atasema ni zumari iliyovaa suti. Mwalimu wake, Ronald Odemark, alikuwa mpigaji wa okestra kubwa ya Detroit.

Lateef hakuishia hapo. Alijua kwamba akitaka kudumu katika kazi hii ni lazima masikio yake yapanuke, akashinda maktaba akisoma muziki wa mataifa mengine. Kiwandani mfanyakazi mwenzake kutoka Syria alimweleza habari za rababu, ala ya nyuzi. Mwaka 1961, katika albamu ya *Eastern Sounds*, alipuliza kifilimbi cha udongo cha Kichina chenye sauti tano tu, akatoa kwayo wimbo mzima. Wapo waliodhani anacheza na vitu vigeni ili avutie macho. Mimi nasikia jambo jingine: mtu anayeheshimu sauti tano kiasi cha kuzitafutia wimbo wake.

Sasa tufike mahali panapotuhusu Watanzania moja kwa moja, na ambapo pamesahauliwa mno kwetu. Novemba 1960, mwaka ambao nchi 17 za Afrika zilipata uhuru, mpiga piano Randy Weston aliwakusanya wanamuziki studioni New York kurekodi *Uhuru Afrika*. Mipangilio aliiandika Melba Liston, maneno yakatungwa na mshairi Langston Hughes. Sehemu zake nne zina majina haya: "Uhuru Kwanza", "African Lady", "Bantu" na "Kucheza Blues". Weston alitaka lugha ya Kiafrika isikike kabla ya kitu kingine chochote, na lugha iliyochaguliwa ikawa Kiswahili. Aliyeisema ni Mtanganyika, Tuntemeke Sanga, jina lisilo geni kwa waliofuatilia siasa za nchi yetu. Yeye ndiye aliyeyatia maneno ya Hughes katika Kiswahili na kuyasoma. Tanganyika yenyewe ilikuwa bado mwaka mmoja na ushei kabla ya bendera yake kupandishwa. Katika kundi hilo Lateef alikaa na saksafoni, filimbi na oboe, na Kenny Burrell, yule aliyemshauri kuhusu filimbi, alikuwapo na gitaa lake. Mwaka 1964 serikali ya makaburu ya Afrika Kusini iliipiga marufuku albamu hiyo. Kwetu haikupigwa marufuku, ila sijui ni wangapi waliowahi kuisikia, na hilo linaniuma.

Miaka iliyofuata naipita haraka. Lateef alipiga na Charles Mingus, kisha na Cannonball Adderley kuanzia 1962 hadi 1964, akatoa albamu nyingi kwa jina lake, akahiji Makka. Mwaka 1975 Chuo Kikuu cha Massachusetts, Amherst, kilimpa shahada ya uzamivu katika elimu, kwa utafiti uliolinganisha elimu ya Kimagharibi na ya Kiislamu.

Halafu, akiwa na miaka zaidi ya 60 na jina kubwa duniani, alihamia Zaria, kaskazini mwa Nigeria. Kuanzia 1981 hadi 1985 alikuwa mtafiti katika Chuo Kikuu cha Ahmadu Bello, na alichokwenda kukichunguza ni sarewa, filimbi ya Wafulani, watu wa ng'ombe. Ni bomba jepesi linalopulizwa kwenye ncha. Daktari wa elimu aliyepiga na Gillespie aliketi kujifunza kwa wapulizaji wasio na cheti chochote, akaandika walichomfundisha, akarekodi na wanamuziki wa huko.

Filimbi ya namna hiyo tunayo. Majirani zetu wa Ankole, ng'ambo ya daraja la Murongo, huiita omukuri. Nayo hupulizwa kwenye ncha iliyochongwa pengo, na kwa kawaida ina matundu manne. Imefuatana na ng'ombe wa pembe ndefu pande zote mbili za mto.

Lateef alifariki tarehe 23 Desemba 2013 nyumbani kwake Shutesbury, Massachusetts, akiwa na miaka 93. Juma lijalo nitaeleza namna pengo la mdomo na matundu ya filimbi yetu yanavyopimwa. Kabla ya hapo nawaomba wasomaji wa Karagwe na Kyerwa: mwenye filimbi ya babu juu ya dari asiitupe wala kuipaka rangi. Achukue futi kamba, apime urefu wake kutoka ncha hadi ncha, kisha umbali kati ya tundu na tundu, aandike na jina la aliyeichonga kama bado linakumbukwa.