Kampuni au ubia? Anzeni na siku ya kuachana

Anayetaka kurasimisha biashara yake Tanzania hupewa ushauri ule ule: jina la biashara ni rahisi na nafuu, lakini ukikopa ukashindwa kulipa utauziwa hadi nyumba; kampuni ina gharama, lakini deni la kampuni si deni lako. Ushauri huo si wa uongo. Ubaya wake ni kuwafanya watu wachague umbo la biashara kwa kumwogopa mdai wa nje, ilhali kwa biashara ndogo ya watu wawili au watatu hatari iliyo karibu zaidi imo ndani: mmoja atafariki, mmoja atataka kutoka, au wawili wataungana dhidi ya wa tatu. Hayo ndiyo ya kuulizwa kwanza. Kinga dhidi ya madeni, kwa biashara za kiwango hicho, ni nyembamba kuliko inavyosifiwa.

Kinga yenyewe ina historia ndefu. Mwaka 1892 Aron Salomon, mtengeneza viatu wa London, aliigeuza biashara yake kuwa kampuni. Kati ya hisa 20,007 yeye alishika 20,001, na mkewe na watoto watano wakapata moja moja. Kampuni ikafilisika, wadai wakamtaka yeye, na Baraza la Malodi la Uingereza likaamua mwaka 1896 kwamba kampuni ni mtu mwingine mbele ya sheria, hata kama hisa karibu zote ni za mtu mmoja. Kanuni hiyo ndiyo inayobeba Sheria ya Makampuni ya Tanzania, Sura 212, na ile ya Kenya ya mwaka 2015 inayomruhusu mtu mmoja peke yake kuunda kampuni. Lakini benki nazo zinaifahamu hukumu hiyo. Kampuni changa ikiomba mkopo, kwa kawaida wakurugenzi hutakiwa kusaini dhamana binafsi, na mara nyingi kuweka na hati ya nyumba. Kinga inakuwa imesalimishwa kwa hiari, tena mbele ya mdai mkubwa kuliko wote. Kwenye kodi hali haitofautiani sana, kwa kuwa Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inafungua njia ya wasimamizi wa kampuni kudaiwa wao wenyewe kodi ambayo kampuni haikulipa. Na pale kampuni inapotumiwa kuficha mali au kuwahadaa wadai, mahakama huweza kuinua pazia na kumfikia aliye nyuma yake. Kinachobaki ni kinga dhidi ya wauzaji waliokukopesha bidhaa, mwenye pango, na aliyeumizwa na shughuli za kampuni. Si haba: mwenye malori barabarani au anayesimamisha majengo asiiache. Mwenye duka la vitambaa ajiulize ananunua nini hasa.

Utengano huo pia una makali yake. Bwana mmoja wa Ireland, Macaura, aliiuzia kampuni yake mbao akalipwa kwa hisa, lakini bima ya mbao akaikata kwa jina lake mwenyewe. Mbao zikaungua. Mwaka 1925 Baraza la Malodi likaamua kwamba hana cha kulipwa, kwa sababu mbao zilikuwa za kampuni na mwanahisa hamiliki mali ya kampuni. Wangapi kwetu wana kampuni iliyosajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, huku kiwanja kiko kwa jina la baba, gari kwa jina la mke, na bima kwa jina la yeyote aliyetumwa kwenda kuikata? Msimamizi wa mirathi atakapoanza kuorodhesha mali, utata huo utaangukia mikononi mwake.

Tuje ndani sasa. Ubia Tanzania unaongozwa na Sheria ya Mikataba, Sura 345, na wabia wasipoandika chochote sheria huwaandikia: faida hugawanywa sawa hata kama mmoja ndiye aliyeleta sehemu kubwa ya mtaji, kila mbia huwafunga wenzake kwa madeni ya biashara, na kifo cha mmoja huuvunja ubia. Wengi hawakuwahi kukusudia hata moja kati ya hayo. Kampuni inalijibu vizuri suala la kifo, maana hisa huenda kwa warithi na kampuni ikaendelea. Ila inaleta mtego wake. Ebrahimi na Nazar waliuza mazulia London kama wabia sawa, na mwaka 1958 wakaunda kampuni. Mtoto wa Nazar akaingizwa, kila mzee akimmegea sehemu ya hisa zake, hata Ebrahimi akabaki na 400 kati ya 1,000. Mwaka 1969 baba na mwana walimpigia kura, wakamwondoa kwenye ukurugenzi. Hisa zake hazikuguswa, lakini faida ya kampuni ilikuwa ikitolewa kama malipo ya wakurugenzi, si gawio, hivyo mwenye asilimia 40 ya kampuni akawa hana anachopata. Baraza la Malodi lilimpa haki yake mwaka 1972, kwa kuamuru kampuni ifungwe. Ndivyo alivyoshinda! Sheria yetu nayo inaruhusu mkurugenzi kuondolewa kwa wingi wa kawaida wa kura, na katiba nyingi za makampuni madogo ni nakala ya katiba ya kampuni nyingine, jina tu limebadilishwa.

Wapo watakaosema kampuni ni lazima kwa anayetaka zabuni au mwekezaji, na hapo hakuna ubishi. Aunde, ila akumbuke kwamba atalipa asilimia 30 ya faida, hataingia kwenye kodi ya makadirio wanayoruhusiwa wafanyabiashara binafsi wadogo, na atapeleka taarifa BRELA kila mwaka. Pingamizi zito zaidi ni la udugu: kuandika namna ya kuachana kabla ya kuanza ni kujitabiria mabaya, na kumwambia ndugu yako humwamini. Pingamizi hilo linashangaza zaidi pwani, mahali ambapo watu wanajua kwamba aya ndefu kuliko zote katika Kurani inahusu kuandika deni na kuweka mashahidi. Haikuwalenga maadui. Kuandika kunamlinda hasa yule asiyekuwepo leo, yaani mjane na watoto, ambao hawakusikia mlichokubaliana kwa mdomo.

Kwa hiyo wenye mtaji mdogo wanaweza kubaki na ubia wenye hati iliyoandikwa vizuri na wakawa salama kuliko wenye kampuni ya katiba ya kunakili. Hati ya ubia, au mkataba wa wanahisa, iseme anayetoka auze kwanza kwa nani, bei ipangwe na mkaguzi yupi, ilipwe kwa awamu ngapi, na warithi wapate fedha au nafasi ya kuamua. Mgao wa nusu kwa nusu, unaopendwa na marafiki kwa kuonekana wa haki, unahitaji kifungu kimoja zaidi: nani atakata shauri kura zikilingana. Bila hicho, kampuni yenye fedha benki inaweza kushindwa hata kuidhinisha hundi ya pango.