M-goi

M-goi (kwa maandishi ya Kichina: 唔該, kwa mfumo wa Jyutping: m4 goi1) ni neno la lugha ya Kikantoni, inayozungumzwa hasa Guangzhou, Hong Kong na Macau nchini China. Kulingana na mazingira, huweza kumaanisha "asante", "tafadhali" au "samahani".

Maana ya asili

Neno lina sehemu mbili: m ni kikanushi, na goi ni "kupaswa". Kwa hiyo maana yake ya neno kwa neno ni "haipaswi", kana kwamba msemaji anamwambia mwenzake kuwa hakupaswa kusumbuka kwa ajili yake.

Matumizi

* Kushukuru kwa huduma au msaada, kwa mfano mtu akikushikia mlango.
* Kuomba jambo: abiria wa basi dogo la Hong Kong anayetaka kushuka humwambia dereva jau lok, m-goi ("kuna anayeshuka, tafadhali").
* Kumwita mhudumu mkahawani, au kuomba njia penye watu wengi.

Anayeshukuriwa hujibu m sai, yaani "hakuna haja".

Tofauti na do-tse

Kikantoni kina neno jingine la kushukuru, do-tse (多謝, do1 ze6). Hilo hutumika kwa zawadi, kwa sifa na kwa ukarimu. Mhudumu akileta chai, huambiwa m-goi; rafiki akilipia chai hiyo, huambiwa do-tse. Vivyo hivyo, anayepokea bahasha nyekundu ya pesa wakati wa Mwaka Mpya wa Kichina husema do-tse. Akisema m-goi ataeleweka, lakini atakuwa kama anayeshukuru kwa kukabidhiwa bahasha tu, si kwa zawadi yenyewe. Kwa mzungumzaji wa Kiswahili, ambaye "asante" humtosha pote pawili, hapa ndipo penye ugumu.

Matamshi

Sauti m hapa ni silabi kamili isiyo na irabu, kama katika neno "mtu". Tarakimu za Jyutping huonyesha toni, ambazo ni sita: 4 ni toni ya chini inayoshuka, na 1 ni toni ya juu. Hivyo m hutamkwa chini na goi juu.